Mlango wa Bungulu kwenye Ukuta wa Butembo

Mimi nimezaliwa Bungulu, mjini Beni, nikaolewa Butembo, kwa hiyo nina ruhusa ya kuisema vibaya miji yote miwili. Kati yake kuna barabara moja tu, ambayo gari likiwa zima na mvua ikiwa na huruma unaimaliza asubuhi moja. Lakini waulize wenyeji. Mtu wa Butembo atakuambia kwamba Beni watu wamekaa tu, wanasikiliza muziki, na pesa ya kakao wanaimaliza kabla kakao yenyewe haijakauka. Mtu wa Beni atakuambia kwamba Butembo watu hawalali, hawacheki, wanavaa makoti saa sita mchana, na ukiwauliza saa ngapi wanataka kujua utainunua kwa bei gani. Wote wanasema kweli, na ndiyo sababu hawapendani sana.

Bungulu niliyokulia ilikuwa ya nyumba za mbao zilizojipanga kando ya barabara, milango wazi, baraza mbele. Usidhani baraza ilikuwa sehemu ya nyumba. Nyumba ndiyo ilikuwa sehemu ya baraza, mahali pa kuweka vitanda na vyungu visinyeshewe. Maisha yenyewe yalikuwa nje, na mama yangu aliyasimamia akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba. Hakuna aliyepita pale bila kutoa maelezo. Umetoka wapi, unaenda wapi, ndani ya mfuko kuna nini, na tumbo la mtoto limepoa? Hata wanajeshi waliotoka mbali, waliojua Kilingala tu, walijifunza kusimama na kueleza. Baba alikuwa dereva wa lori, na kila aliporudi safari alikuta mama anajua habari za barabara kuliko yeye.

Butembo nilikoolewa, kwenye kilima kimoja cha upande wa Bulengera, nyumba ni za matofali, na juu ya paa zinachungulia nondo zenye kutu zinazosubiri ghorofa. Ghorofa itajengwa kontena likifika. Kontena limeingia baharini tangu sijaolewa. Na kila mtu ana ukuta. Mume wangu, anayeuza vipuri vya pikipiki, alijenga ukuta kabla ya nyumba. Aliponipeleka kuuona wakati wa uchumba, niliona matofali mekundu, geti la chuma na kufuli kubwa, nikajiambia huyu mwanaume amenificha utajiri. Alifungua geti. Ndani kulikuwa na majani na mparachichi mmoja.

"Ukuta njo heshima," aliniambia, yaani ukuta ndio heshima.

Nilimpenda hata hivyo, lakini tangu siku ile najua watu wa kilima chetu wanaficha nini.

Salamu za huku nazo ni za kutembea. Mtu anakusalimia akiwa amekuacha nyuma, wewe unaitikia mgongo wake. Niliposhika mimba ya kwanza, jirani wa mbele yetu, mama mmoja Mkatoliki anayeongoza kwaya, alijua nimejifungua aliposikia mtoto analia kupitia ukutani. Alileta uji, akauacha getini, akaondoka. Ni mtu mwema. Alikuwa tu na haraka.

Basi baba alifariki, ndugu zangu wakatawanyika, mama akabaki peke yake Bungulu. Habari za vijiji vya pembeni ya Beni zilipozidi kuwa mbaya, na watu wakaanza kuingia mjini na magodoro kichwani, nilimpigia simu kila siku.

"Mama, kuja ukae kwetu."

"Kwenu kuko baridi. Miye nilizaliwa Kipese. Baridi nilishakula yote ya kwangu."

Alisema kweli. Kipese iko juu milimani, na mama aliolewa na dereva wa Beni, nadhani, nusu kwa mapenzi na nusu kwa jua. Niliendelea kumsumbua hadi siku moja akanipigia yeye mwenyewe.

"Nitakuja. Mais hapana na mikono mitupu. Nitakuja na nyumba."

Mgeni angedhani mama amechanganyikiwa. Kwetu nyumba ya mbao ni mali inayohama. Mtu anaweza kuuza kiwanja akaondoka na nyumba yake. Fundi anang'oa misumari, anafunga mbao mafungu mafungu, anakunja bati, na kesho yake unaona nyumba inapita barabarani juu ya Fuso, mwenyewe amekaa juu yake ameshika dirisha lisidondoke. Kwa hiyo nilimwambia mume wangu kwamba mama anakuja na nyumba, naye akauliza swali moja tu la Kibutembo: nani analipa gari?

Mama alifika amekaa mbele na dereva, amevaa koti la marehemu baba. Alikuwa amekuja na fundi wake kutoka Bungulu, kwa sababu mafundi wa Butembo, alisema, wanalipisha hata ushauri. Juu ya mzigo wote, ukiwa umefungwa kwa kamba peke yake, ulilala mlango. Baba aliupaka rangi ya kijani iliyobaki alipopaka lori lake, na kwa miaka yote nyumba yetu na lori vilionekana ndugu. Ufunguo wake mama aliufunga kwenye pindo la kitenge.

Mume wangu alikuwa amesafisha mahali pazuri nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi. Mama alipaangalia, akageuka mzunguko mmoja mzima.

"Barabara iko wapi, mukwe wangu?"

Alimwonyesha ukuta.

"Hii ni ukuta. Niliuliza barabara."

"Iko nyuma ya ukuta, mama."

"Sawa. Nyumba itakaa pale."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mume wangu alijaribu kumweleza, kwa adabu zote za mkwe, kwamba mlango ungeweza kutazama uani, ambako kuna watoto, kuku na mimi. Mama alimjibu kwa upole.

"Hii nyumba hapana zoea kupa barabara mugongo."

Ndivyo ilivyojengwa. Sijui kama kuna mji mwingine ambako jambo hili lingewezekana: nyumba nzuri ya mbao, baraza yake mbele, mlango wa kijani wazi, na mbele ya mlango, kwa umbali wa magoti ya mtu aliyekaa, ukuta wa matofali mrefu kuliko mume wangu. Fundi mwenyewe alipomaliza aliitazama kazi yake, akakuna shingo, akaomba nauli ya kurudi.

Kulikuwa na shida nyingine. Fundi wa Beni huacha nafasi kati ya mbao ili upepo uingie, maana bila upepo Beni utaiva. Butembo kinachoingia ni ukungu. Uliingia kila asubuhi ukakaa ndani kama mtu wa ukoo. Mama aliziba na vitenge vikuukuu, maboksi, na kalenda za benki fulani za mume wangu. Aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, hadi moshi ukatoka kwenye kila ufa, na watu wa mlima wa ng'ambo wakadhani tunaungua. Tulimpa chumba kwenye nyumba ya matofali. Alikataa. Ile ni ya mukwe wangu, alisema, hii ni yangu.

Asubuhi ya kwanza alikaa barazani, magoti kwenye matofali, akasikia nyayo.

"Wavukire!" mama akasalimia, kwa Kinande safi cha Kipese.

Nyayo zikasimama. Kisha zikakimbia. Alikuwa mwanamke wa soko, na niliokota majani yake ya vitunguu njiani nilipoenda kuangalia. Alisalimia wa pili, wa tatu. Watu walivuka upande wa pili wa barabara. Kabla ya mchana, jirani wa kwaya alikuwa getini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka.

"Maman, ukuta yenu inasalimia batu."

"Ni mama yangu."

"Sasa mbona mulimufungia?"

Juma halijaisha, kilima chote kilijua kwamba muuza vipuri amemfunga mama mkwe wake jela ya matofali kwa sababu ya ubahili. Uongo huo ulipata miguu mizuri kwa kuwa ubahili wenyewe ulikuwa unajulikana.

Lakini watu huzoea. Mwanamke wa soko aliitika siku moja, kwa sauti ndogo. Kesho yake akasimama. Mama alianza kuwajua kwa miguu: huyu wa ndala moja iliyokatika, huyu anayeburuta, huyu mwanafunzi anayechelewa kila siku na kila siku anamdanganya kwamba mwalimu anaumwa. Jioni nilimpelekea chakula, naye akanipa habari za kilima changu mwenyewe. Alijua nani anajenga na nani anauza, binti gani amechumbiwa Lubero, kwa nini kwaya imegawanyika. Mimi nilizaa na kulea watoto pale, na nilikuwa nafundishwa majirani zangu na mwanamke ambaye hajaona uso wa hata mmoja wao. Nilicheka, na niliona wivu. Niliona aibu pia, lakini wivu ulitangulia.

Halafu siku moja, nikianika nguo, mkono wa gauni langu ulinasa kwenye msumari wa nyumba ya mama ukachanika. Nikaangalia. Msumari ule ulikuwa umeingia nusu. Wa pili pia. Nilizunguka nyumba nzima: kila msumari ulikuwa umesimama na kichwa nje. Nilimlaani fundi kwa uvivu wake, nikaenda kumshtaki kwa mama.

"Fundi hapana kosa. Ni miye nilimwambia aache. Musumari ukiingia wote, siku ya kuutoa unapasula mbao."

Nilikaa chini pale pale.

"Donc hapana kuja kukaa. Umekuja kutembea."

"Nimekuja, mutoto yangu. Kukaa ni kitu ingine."

Nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba kule anakokutamani watu wanalala na viatu miguuni, kwamba mimi ndiye ninayeamka kila simu ikilia, kwamba nimechoka kuogopa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha mtu akapita nyuma ya ukuta, na mama, machozi yangu yakiwa bado usoni, akasalimia.

Niliamua kwamba kosa ni la ukuta. Mama akipata barabara, atakaa. Nikamwanzia mume wangu asubuhi na jioni. Alikataa. Ukuta ni heshima, ukuta ni usalama, ukuta ulijengwa kwa matofali ya kuchagua. Aliyemshinda hakuwa mimi. Ijumaa moja, baada ya swala, wazee wa msikitini walimuuliza mmoja baada ya mwingine, kwa nyuso za huruma, kama mfungwa wake anaendeleaje. Alirudi nyumbani. Akachukua patasi na nyundo, akiwa bado amevaa kanzu, akaanza kutoa matofali mbele ya baraza ya mama. Aliyatoa moja moja, akayapangusa, akayapanga vizuri kando. Ni mtu wa Butembo. Hata akiwa na hasira hapasui tofali.

Uwazi ulipofika upana wa mlango, kulikuwa na watu barabarani wametulia wanatazama, kama umati uliosubiri kuona mfungwa ana sura gani. Walimwona mwanamke mfupi aliyevaa koti la mwanaume, amekaa kwenye kiti cha kamba.

"Njo weye wa ndala ya kukatika?" mama alimuuliza kijana wa mbele. Kijana akaficha mguu.

Baada ya hapo nilidhani nimeshinda. Wanawake wa soko walitua vikapu vyao pale kupumzika. Jirani wa kwaya alileta kiti chake mwenyewe, akakiacha, na Butembo mtu haachi kiti. Wanaume waliokuwa wanasalimia kwa migongo walianza kugeuza shingo. Mume wangu, ambaye alisema uwazi ule unamvunjia hadhi, nilimkuta ametundika matairi mawili na mnyororo wa pikipiki pembeni yake, akiuliza bei wanayoitaka wateja wa mama. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga. Siku moja mama akiwa barazani, nilipita nyuma ya nyumba na nyundo, nikapigilia misumari ya ule upande mzima, polepole, nikiwa nimefunika kichwa cha nyundo na kitambaa. Alisikia, bila shaka. Kesho yake misumari yote ilikuwa imetolewa tena nusu, na nyundo yangu imelazwa vizuri kwenye kizingiti cha jiko langu.

Kisha alipigiwa simu na rafiki yake wa baraza ya pili, kule Bungulu. Nilisikia mama anacheka hadi anakohoa. Mahali nyumba yetu iliposimama, rafiki alisema, watu wametandika turubai wanaanika kakao, na wapita njia, kwa mazoea, bado wanasalimia wakifika pale. Wanaisalimia kakao. Mama alinieleza mara mbili, anacheka. Alipotaka kunieleza mara ya tatu, alilia.

"Nitarudi," alisema.

"Kule batu banakimbia, mama."

"Banakimbia, banarudi. Nani atabasalimia bakirudi?"

Nilimwomba. Nilipiga magoti, na mimi si mtu wa kupiga magoti ovyo. Nilimwambia kwamba huku pia anasalimiwa, kwamba kilima kizima kimemzoea, kwamba watoto wangu wamemzoea, kwamba mimi nimemzoea upya, na ni vibaya kumrudisha mtu utotoni halafu kumwacha. Alinishika kichwa kama zamani alipokuwa ananisuka. Aliniambia kwamba Butembo ni mzuri, kwamba anausifu kwa moyo, na kwamba hauna hata mtu mmoja anayemkumbuka baba. Hapo nikasimama, nikapangusa magoti. Pale Bungulu, mtu akisalimia nyumba yetu, anauliza pia habari za lori.

Fundi alikuja kutoka Beni. Misumari ilitoka kirahisi kabisa, hakuna ubao hata mmoja uliopasuka, na kila ulipotoka niliuchukia. Mume wangu alikuwa ameshakoroga udongo karibu na matofali yake, tayari kuziba uwazi gari likiondoka. Alikuwa na huzuni, namjua, lakini matofali yaliyopangwa yanamsumbua.

Mbao zikapanda kwenye Fuso, kisha bati, kisha kiti cha kamba. Fundi alipoinua mlango wa kijani, mama akamshika mkono.

"Ule unabaki."

"Koko, na kule tutafunga na nini?" fundi alimuuliza. Koko kwetu ni bibi.

"Pazia."

Akamwonyesha uwazi kwenye ukuta. Fundi aliutazama mlango, akautazama ukuta, akamtazama mume wangu, ambaye alikuwa ameshika tofali. Mume wangu aliliweka chini. Walitengeneza fremu kwa mbao za baraza, wakaupachika mlango, ukatazama barabara. Fundi, kwa mazoea, alipiga misumari nusu.

"Hapana," mama alisema. "Hii pigilia yote."

Alisimama pale hadi wa mwisho ulipozama. Nilimuuliza kwa nini. Nilidhani atasema ni kumbukumbu, au ni zawadi, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la hasira kwa yote mawili.

"Vita ikinifukuza, miye hapana taka kufika kwako na kupiga hodi kwa geti sawa mugeni. Nitatafuta mulango yangu. Ni ya kijani, hata kwa giza nitaijua na mukono."

Akapanda gari. Ufunguo aliondoka nao, kwenye pindo la kitenge.

Kwa hiyo sasa, kwenye kilima cha watu wanaopenda makufuli, mwanaume aliyejenga ukuta kabla ya nyumba ana mlango ambao hawezi kuufunga. Amesema mara nyingi kwamba atabadilisha kufuli, na fundi wa kufuli yuko hapo chini, si mbali. Hajaenda. Mchana mlango uko wazi na mimi nimekaa karibu nao nachambua sombe, kisamvu cha kwetu. Watu wanapita, wananiuliza habari za koko, nawaambia yuko Bungulu, ana pazia la maua, watu wa kule bado wanakimbia na kurudi. Mwanamke wa soko anatua kikapu. Kiti cha jirani wa kwaya bado kipo.

Jioni mume wangu anaviringisha jiwe kubwa, analiweka nyuma ya mlango, anakung'uta mikono na kuingia kula. Mimi namwekea chakula mezani, nasema nimesahau kitu nje, natoka, naliondoa lile jiwe.